Habari za George Cadbury, Mtengenezaji wa Kakao

1. Duka la Bull Street

Katika nchi ya Uingereza uko mji mkubwa uitwao Birmingham. Tangu zamani mji huo una sifa ya ufundi wa vyuma, na kazi za mafundi wake, kama misumari na vifungo na kalamu za chuma, zilichukuliwa na meli hata pande za mbali za dunia. Huko ndiko alikozaliwa George Cadbury, tarehe 19 Septemba, mwaka wa 1839. Baba yake, John Cadbury, alikuwa mwenye duka. Duka hilo lilifunguliwa mwaka wa 1824 katika njia iitwayo Bull Street, na humo ziliuzwa chai na kahawa. Tena John Cadbury aliuza kakao, ambayo aliitwanga mwenyewe kwa kinu na mchi.

Kakao ni mbegu za mti ambao asili yake ni nchi za joto za Amerika. Tunda lake ni kubwa, lenye ganda gumu, na ndani yake mna mbegu nyingi zilizofunikwa na ute mtamu. Mbegu hizo huvundikwa siku chache, kisha huanikwa juani mpaka zikauke, ndipo hutiwa katika magunia na kupelekwa ng'ambo. Huko hukaangwa na kusagwa, na unga wake hutiwa katika maji ya moto au maziwa ukawa kinywaji. Chokoleti nayo hutokana na mbegu hizo hizo.

Jamaa ya Cadbury walikuwa watu wa dhehebu la Kikristo liitwalo Marafiki, ambalo baadaye lilifika hata Pemba, na Kaimosi katika Kenya. Marafiki hawakukubali kwenda vitani wala kula kiapo, kwa maana walifundishwa ya kuwa neno la mtu liwe kweli siku zote, si siku ya kiapo tu. Kwa ajili ya hayo zamani walizuiwa kusoma katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na kazi nyingi za serikali hawakuzipata. Basi wengi wao wakashika biashara.

Katika biashara walikuwa na desturi moja iliyowashangaza watu. Wachuuzi wengine walikuwa wakitaja bei kubwa, kisha wakabishana na mnunuzi mpaka wapatane, na aliyekuwa mjinga alilipa zaidi. Marafiki walitaja bei moja tu, na bei hiyo ilikuwa ile ile kwa tajiri na kwa maskini, kwa mjuzi na kwa mtoto aliyetumwa na mama yake. Hapo kwanza watu waliwacheka. Baadaye wakaona ya kuwa hata mtoto mdogo aweza kutumwa dukani kwao asipunjwe, wakaanza kuwaendea. Katika malezi hayo ndimo alimokulia George.

2. Ndugu wawili na biashara iliyodhoofika

John Cadbury aliacha kazi ya dukani akaanzisha kiwanda cha kakao, na kwa miaka kadhaa alifanikiwa. Lakini mwaka wa 1855 mke wake alikufa kwa kifua kikuu. Yeye mwenyewe akawa mgonjwa, moyo wake ukavunjika, na biashara ikaanza kulegea. George alikuwa bado kijana. Alipelekwa mji wa York kujifunza kazi katika duka la vyakula la Joseph Rowntree, aliyekuwa pia mtu wa Marafiki, kisha akarudi nyumbani.

Mwaka wa 1861 mzee huyo akawaachia biashara wanawe wawili, Richard mwenye umri wa miaka 25, na George mwenye umri wa miaka 21. Walipofungua vitabu vya hesabu waliona hasara. Wafanya kazi walikuwa wamebaki wachache, na wanunuzi wengi walikuwa wamekwenda kwingine. Vijana hao wakatia ndani ya biashara fedha walizorithi kwa mama yao. Kila mwaka ulipokwisha walipiga hesabu, na kila mara fedha zile zilikuwa zimepungua.

Hapo ndugu hao wakafanya shauri. Wangeendelea kwa fedha zao wenyewe tu. Hawatakopa kwa watu fedha wasizokuwa na hakika ya kuzilipa. Kama ikitokea ya kwamba mali yao yote inakaribia kwisha, watafunga mlango siku ile ambayo bado waweza kumlipa kila mdai shilingi 20 kamili kwa kila pauni, asipotelewe na hata peni moja. Kisha Richard atatafuta kazi ya kupima mashamba, na George atakwenda Bara Hindi kulima chai. Watu wengi wenye biashara inayozama huficha hasara na kuendelea kukopa, wakitumaini bahati ya kesho. Na mwisho wake huangamiza mali ya wengine pamoja na yao. Wale vijana hawakutaka kufanya hivyo.

Basi walifanya kazi kwa bidii nyingi. George alifika kiwandani alfajiri, akakaa hata usiku. Hakuoa wakati ule. Aliacha kununua magazeti, aliacha chai na kahawa, na kwa mavazi na safari na sadaka na mahitaji yake yote hakutumia zaidi ya pauni 25 kwa mwaka. Miaka 3 hivi ikapita, ndipo ilipoonekana faida ya kwanza, nayo ilikuwa ndogo.

3. Kakao iliyo safi

Siku zile vyakula vingi vilivyouzwa mijini Uingereza vilikuwa vimeghushiwa. Maziwa yalitiwa maji, mkate ulitiwa shabu, na waganga waliopima kakao ya madukani waliona ndani yake mna hata vumbi la matofali, lililotiwa ili rangi ipendeze. Ndugu Cadbury hawakutia vumbi katika kakao yao, lakini nao walifuata desturi ya kuchanganya. Mbegu ya kakao ina mafuta mengi, na mafuta hayo huelea juu ya kikombe. Kwa hiyo watengenezaji walitia unga wa viazi na asali ya miwa ili yafyonzwe. Katika kakao waliyouza Cadbury, sehemu moja tu kati ya 5 ilikuwa kakao ya kweli.

George aliposikia ya kuwa katika Uholanzi uko mtambo wa kukamua mafuta ya kakao, alisafiri kwenda kuutazama katika kiwanda cha van Houten. Hakujua Kiholanzi hata kidogo, bali alijisaidia kwa kitabu cha maneno na kwa ishara za mikono, akaununua mtambo mmoja. Mwaka wa 1866 ndugu hao wakaanza kuuza kakao isiyo na unga wala kitu kingine ndani yake.

Jambo hilo lilikuwa la hatari. Kakao safi ilikuwa ghali, na wanunuzi walikuwa wamezoea ile nzito yenye unga. Ndugu hao walizunguka kwa wenye maduka na kwa waganga, wakiwaonjesha. Waganga wakaisifu, na magazeti yao yakaandika habari zake. Watengenezaji wengine wakakasirika, kwa kuwa tangazo la kakao safi liliwafanya watu waulize yaliyomo katika kakao yao. Baadaye Bunge lilipokuwa likitengeneza sheria za mwaka wa 1872 na 1875 za kuwazuia waghushi vyakula, kakao ya Cadbury ilikuwa tayari kushuhudia ya kuwa mtu aweza kuuza kitu halisi asifilisike. Biashara iliyokuwa karibu kufa ikasimama, na baada ya kusimama ikakua upesi.

4. Kiwanda katika mashamba

George Cadbury alikuwa na kazi nyingine isiyokuwa na mshahara. Tangu ujana wake alifundisha kila Jumapili, asubuhi mapema, katika shule ya watu wazima. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa kazi, wengine wenye mvi, wasiojua kusoma wala kuandika. Alifanya kazi hiyo karibu miaka 50, hata alipokuwa tajiri. Mwanafunzi wake akiugua, George alikwenda kumwona nyumbani kwake, na kwa njia hiyo aliziona nyumba za maskini wa Birmingham. Zilijengwa zikipeana migongo, hazina bustani wala hewa. Choo kimoja kilitumiwa na jamaa nyingi, na watoto walicheza katika vichochoro vyenye matope. Akaona ya kuwa haifai kumlaumu mtu kwa ulevi na uvivu, ikiwa hana mahali pengine pa kupumzika ila kilabu cha pombe.

Kiwanda chao cha mjini kilipokuwa kidogo, watu walitazamia ya kuwa watajenga kingine mjini. Badala yake, mwaka wa 1879 ndugu hao walikihamishia mashambani, maili 4 hivi kutoka mjini, mahali walipopaita Bournville. Huko walijenga vyumba vyenye madirisha mapana, jiko la wafanya kazi, na viwanja vya michezo. Cadbury walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Birmingham kuwapa wafanya kazi nafasi ya nusu siku kila Jumamosi. Baada ya miaka 20 watu waliofanya kazi hapo walikuwa zaidi ya 2,000.

Kisha George akanunua mashamba mengine kwa fedha zake mwenyewe, na tangu mwaka wa 1895 akajenga kijiji. Kila nyumba ilikuwa na bustani ya kutosha kulima mboga, na miti ya matunda ilipandwa kabla mpangaji hajaingia. Nyumba hizo hazikuwa kwa wafanya kazi wake tu. Watu wengine nao walikaribishwa, ili mtu asione ya kuwa akiacha kazi ya Cadbury atafukuzwa na nyumbani pia. Mwaka wa 1900 kijiji kilikuwa na nyumba 313. Ndipo George alipofanya jambo lililowashangaza matajiri wenzake. Kijiji chote pamoja na ardhi yake, kiasi cha eka 330, alikitoa mikononi mwa wadhamini. Kodi zote zitumike kwa kutengeneza kijiji na kujenga nyumba nyingine, na yeye na watoto wake wasipate hata senti moja kutoka humo. Wadhamini hao waliendelea na kazi yao hata baada ya miaka zaidi ya 100.

Richard hakuyaona hayo yote, maana alikufa mwaka wa 1899 akiwa safarini Yerusalemu. George akabaki kuwa mkuu wa kampuni, na wana wa Richard na wake mwenyewe wakamsaidia.

5. Habari kutoka visiwani

Hata hapa, masimulizi haya ni ya mtu mwema aliyefanikiwa. Lakini jaribu lililo kubwa kuliko yote lilikuwa bado mbele yake. Halikutoka kwa adui wala kwa mshindani. Lilitoka ndani ya magunia ya kakao yaliyokuwa ghalani mwake.

Katika bahari ya magharibi ya Afrika viko visiwa viwili, São Tomé na Príncipe, ambavyo wakati ule vilitawaliwa na Ureno. Udongo wake ni mzuri sana kwa kakao. Karibu nusu ya kakao iliyonunuliwa na Cadbury mwaka wa 1900 ilitoka huko. Mwaka wa 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, alisikia uvumi ya kuwa wafanya kazi wa visiwa hivyo ni watumwa. Punde kidogo akaona karatasi iliyotangaza shamba moja la huko kuwa linauzwa. Katika hesabu ya vitu vya shamba, watu weusi wa kazi walikuwa wameandikwa idadi yao, na kando yake bei yao.

Sheria za Ureno zilikuwa zimekwisha kufuta utumwa zamani. Katika vitabu, watu hao walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka 5. Lakini kweli yake ilikuwa nyingine. Walikamatwa au kununuliwa katika bara ya Angola, wakasukumwa kwa miguu mamia ya maili mpaka pwani. Waliochoka waliachwa njiani, na wasafiri waliopita baadaye waliona mifupa kando ya njia, na minyororo ya miti waliyofungwa. Pwani waliulizwa mbele ya mkubwa wa serikali kama wanakubali mkataba, nao hawakuwa na njia ya kukataa. Wakapakiwa melini. Mkataba ulipokwisha uliandikwa tena bila wao kuulizwa, na watoto waliozaliwa shambani wakawa wa shamba. Kati ya waliovuka bahari, karibu hakuna aliyerudi kwao.

George Cadbury na wenzake walifanya nini? Walifanya mambo mengi, na yote yalichukua muda. Mwaka wa 1903 William alikwenda Lisbon kuongea na wakubwa wa Ureno. Hao walimwambia ya kuwa sheria mpya imetolewa na mambo yatatengenea, basi kampuni ikangoja. Mwaka wa 1905 kampuni ilimtuma Joseph Burtt, baada ya kujifunza Kireno, aende visiwani na Angola akajionee. Wakati ule ule mwandishi mmoja wa magazeti, Henry Nevinson, alikuwa amekwisha kupita njia zile, akaandika waziwazi ya kuwa huo ni utumwa. Burtt alirudi mwaka wa 1907, na habari zake zilikuwa kama za Nevinson. Serikali ya Uingereza nayo iliomba wasiharakishe, kwa kuwa ilikuwa na mashauri yake na Ureno. Mwaka wa 1908 William mwenyewe alisafiri pamoja na Burtt mpaka São Tomé na Angola. Aliporudi, mwezi wa Machi mwaka wa 1909, kampuni ya Cadbury pamoja na kampuni za Fry na Rowntree zilitangaza ya kuwa hazitanunua tena kakao ya visiwa vile.

Tangu siku ya uvumi wa kwanza mpaka siku ya tangazo hilo ilipita miaka 8. Katika miaka hiyo yote magunia ya São Tomé yaliendelea kuingia Bournville.

Ndugu Cadbury walikuwa na sababu zao. Waliona ya kuwa mnunuzi ana sauti mbele ya muuzaji, na akiacha kununua sauti yake hupotea, na wengine watainunua kakao ile ile bila kuuliza neno. Sababu hiyo si ya upuzi. Lakini mtu aliyefungwa minyororo hawezi kuishi kwa sababu za mtu mwingine. Tena kulikuwa na jambo la aibu zaidi. George Cadbury alikuwa amenunua gazeti, na gazeti hilo lilipiga kelele nyingi juu ya vibarua Wachina waliopelekwa katika machimbo ya dhahabu ya Transvaal, likisema ya kuwa wametendewa kama watumwa. Na Marafiki wa Uingereza, dhehebu lake mwenyewe, walikuwa wamekwenda Pemba kuwasaidia watu waliotoka utumwani, baada ya utumwa kukomeshwa huko kwa amri ya mwaka wa 1897. Aliona uonevu wa mashariki na wa kusini kwa macho makali. Ule uliokuwa katika biashara yake aliuendea polepole.

6. Robo ya peni

Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1908, gazeti moja la London liitwalo The Standard lilichapa makala ya kumdhihaki Cadbury. Lilisema maneno yenye ukali juu ya watu wanaojenga vijiji vizuri Uingereza huku wakijipatia faida kwa jasho la watumwa wa Afrika, nao wasifanye lolote. Kampuni ikalishtaki gazeti kwa kuvunjiwa heshima, kwa kuwa haikuwa kweli ya kwamba hawakufanya lolote.

Kesi hiyo ilisikilizwa Birmingham, mwishoni mwa mwaka wa 1909, mbele ya jaji na watu 12 waliochaguliwa kutoa uamuzi, kama ilivyo desturi ya Uingereza. Wakili wa gazeti alikuwa Edward Carson, mtu mashuhuri kwa ukali wa maswali yake. Alimhoji William Cadbury muda mrefu. Akamtaka aseme kama aliwahi kufanya hesabu ya watumwa waliokufa katika kuitengeneza kakao yao tangu mwaka wa 1901 hata mwaka wa 1908. William akajibu ya kuwa hakuifanya. Katika kampuni ile kila gunia lilipimwa na kila peni iliandikwa. Hesabu hiyo peke yake haikuwamo vitabuni.

Wale watu 12 walitoka kufanya shauri, wala hawakuchukua hata saa moja. Waliporudi walisema ya kuwa gazeti lina hatia, maana Cadbury walikuwa wamefanya juhudi, na kusema hawakufanya lolote ni uwongo. Ndipo wakataja fidia ambayo gazeti litawalipa Cadbury kwa heshima yao iliyovunjwa. Fidia hiyo ilikuwa robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote za Uingereza wakati ule. Sarafu hizo 960 ndizo zilizotimiza pauni moja.

Kila mtu aliyekuwamo alifahamu maana yake. Wazee wale walikuwa wamewaambia Cadbury maneno mawili kwa pamoja: ya kuwa wamesingiziwa, na ya kuwa wamechelewa. Kwa sheria walishinda. Lakini mtu aliyeanza maisha yake kwa kuahidi ya kuwa kila mdai atalipwa shilingi 20 kwa pauni, sasa alijua ya kuwa wako wadai ambao hakuwalipa, nao wako mbali, na wengine wamekwisha kufa.

7. Miaka ya mwisho

Baada ya wanunuzi hao wakubwa kujitenga, na baada ya habari kuenea katika mataifa, Wareno walianza kuwarudisha Angola baadhi ya watu wa visiwani, ingawa uonevu haukuisha mara moja. Cadbury nao walielekea nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka wa 1957 inaitwa Ghana. Huko mtu mmoja Mwafrika, mhunzi aitwaye Tetteh Quarshie, alileta mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka wa 1879 akazipanda, na wenyeji wakafuata mfano wake. Waliolima kakao hapo walikuwa wakulima Waafrika katika mashamba yao wenyewe. Kwa mikono ya wakulima hao nchi ile ikawa ya kwanza duniani kwa kakao. Hivyo ilionekana ya kuwa yale maneno ya wenye mashamba wa São Tomé, kwamba pasipo kulazimisha watu hakuna kakao, hayakuwa na kweli ndani yake.

George Cadbury aliendelea na kazi hata uzeeni. Kampuni yake iliweka fedha za kuwatunza wafanya kazi waliozeeka, wakati ambapo waajiri wengi hawakuwajali tena watu wasioweza kufanya kazi. Sehemu kubwa ya mali yake aliitoa angali hai. Alikufa tarehe 24 Oktoba, mwaka wa 1922, akiwa na umri wa miaka 83, na maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Bournville kumkumbuka. Wengi wao walikuwa watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kusoma, au waliolala katika nyumba alizozijenga.

Maisha ya mtu huyu yatufundisha ya kuwa uaminifu katika biashara una mapana yake. Sehemu yake ya kwanza ni kitu chenyewe: kiwe kile anachokitaja muuzaji, bila unga ndani yake. George Cadbury aliishika sehemu hiyo, wakati ambapo ingalikuwa rahisi kufanya kama wengine. Sehemu ya pili ni mtu wa karibu: mdai, kibarua, mpangaji, ambao mwenye mali awaona kila siku. Hiyo nayo aliishika kuliko wengi wa zamani zake. Sehemu ya tatu ni yule asiyeonekana, aliyechuma na kubeba kabla gunia halijafika dukani. Mnunuzi hamjui jina, wala hatakuja kudai. Katika sehemu hiyo hata mtu mwema kama Cadbury alijikwaa, kwa kuwa alingoja hakika zote zitimie na ruhusa zote zipatikane, na siku zikapita.

Basi kijana atakayekuwa mwenye duka, au karani wa chama cha wakulima, au mkubwa wa kazi yoyote, hana budi kujua ya kuwa mizani iliyo sawa juu ya meza yake haitoshi. Aulize pia bidhaa yake imetoka wapi, na kwa mikono ya nani, na mikono hiyo imelipwa nini. Na akiisha kupata jibu, asikawie.